Januari ya ziwa lililoganda: mwongozo wa kutazama ndege wa kaskazini kuanzia Mau Narok hadi Kisumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya Januari, mabua ya ngano kule Mau Narok huwa meupe. Si theluji. Ni sakitu, umande ulioganda usiku wa anga safi, na ukiukanyaga unausikia ukivunjika chini ya buti. Jua likipanda kidogo weupe huo huondoka mstari kwa mstari, na hapo ndipo ndege huanza kushughulika. Wa kwanza kumwona asubuhi moja ya namna hiyo alikuwa juu ya bonge la udongo, kifua rangi ya chai ya maziwa mengi, amesimama wima. Aliruka hatua tatu nne, akainama, akaokota mdudu aliyekuwa amelegea kwa baridi, akarudi juu ya bonge lile lile. Alipogeuka nikaona kiuno cheupe pe na mkia wenye alama nyeusi kama herufi T iliyopinduliwa.

Huyo, kwa jina la kisayansi, ni Oenanthe oenanthe. Ana uzito wa gramu 25 hivi, kama vijiko sita vidogo vya sukari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia ndege wa aina hiyo waliofungwa vifaa vidogo huko Alaska, ikabainika kwamba walivuka Asia nzima hadi Afrika Mashariki, mwendo wa kama kilomita 14,500 wa kuja tu. Wa Mau Narok sijui alitoka wapi, lakini kwao kokote kuliko, siku ile kulikuwa kumefungwa na baridi.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Watu wengi hufikiri kutazama ndege Nakuru ni kwenda kuona heroe, basi. Mimi naona ajabu kubwa zaidi iko kwenye mitaro, mabua na mashamba ya mpunga, kuanzia Septemba hadi Aprili, na wengi wetu huipita tukiwa ndani ya matatu.

Elewa kwanza wanakimbia nini

Huko Finland au kaskazini mwa Urusi, Januari ziwa huwa na barafu nene kiasi cha kupitisha gari. Mashamba yako chini ya theluji. Mchana wa Desemba jijini Helsinki ni wa takriban saa sita tu. Watazamaji wa ndege wa huko wana ufundi wao: hutafuta mahali ambapo mkondo wa mto umezuia maji yasigande, maana bata waliobaki husongamana hapo, na kwenye mashamba meupe hukagua miti na nguzo, mahali anapotua ndege mwindaji anayevizia panya.

Lakini wengi wameshaondoka, na kinachowaondoa hasa ni njaa. Barafu ni kifuniko. Chukua bata Spatula clypeata, mwenye mdomo mpana kama sepetu. Kingo za mdomo huo zina meno membamba kama kitana, naye huishi kwa kuchuja maji ya juu juu, akibakiza vidudu na mbegu. Ziwa likifunikwa, sahani yake imefunikwa. Vitwitwi wanaochokora tope nao hawana tope la kuchokora, na wanaokula nzi hawana nzi. Ukilikumbuka hili hutapata taabu kujua uwatafute wapi huku kwetu: tafuta kile ambacho barafu imewanyima, yaani maji ya kina kifupi, tope laini, na shamba lililofunguliwa likatoa wadudu.

Chagua mwezi kulingana na unachotaka

Vitwitwi wa kwanza hufika Agosti, wakati sisi bado tuko kwenye baridi yetu. Oktoba na Novemba ndio msafara wenyewe: mbayuwayu, tai wa nyika, ndege wadogo wa vichakani. Desemba hadi Februari wengi wametulia, kila mmoja na kona yake, na huo ndio wakati ninaompendekezea anayeanza, maana ndege uliyemkosa Jumamosi hii unaweza kumkuta pale pale wiki ijayo.

Machi na mwanzo wa Aprili ni kwa ajili ya macho. Ndege waliokuwa kijivu na kahawia miezi yote huvaa rangi za kuzalia. Calidris ferruginea, kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kwenda chini, hugeuka mwekundu kama tofali. Pia hula kupita kiasi, maana mafuta ndiyo akiba ya safari, na wengine wadogo hukaribia kuongeza uzito wao maradufu.

Vifaa, na namna ya kurekebisha darubini

Nunua au azima darubini ya 8x42. Nambari 8 ni mara ngapi inamsogeza ndege, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani mlango wa mwanga. Wauzaji watakusukumia ya 10 au 12 wakisema ni kali zaidi. Ikuze picha, itakuza na mtetemeko wa mkono wako, nawe utaona eneo dogo tu. Ya 8 inatosha.

Sehemu hii wengi hawaifanyi, kisha hulalamika kuwa kichwa kinauma. Simama mbele ya kibao chenye maandishi, kama mita 20. Funga jicho la kulia, tazama kwa la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka herufi ziwe kali. Sasa funga la kushoto, fungua la kulia, na bila kugusa gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha macho cha kulia mpaka herufi zile zile ziwe kali. Kumbuka alama ya pete hiyo. Ndiyo yako, haitabadilika. Tangu hapo unatumia gurudumu la kati peke yake. Anayevaa miwani akunje vikombe vya mpira chini, asiyevaa avinyanyue.

Kisha jizoeze nyumbani kumkazia macho kuku au kunguru na kuleta darubini usoni bila kuondoa macho kwake. Ukishusha macho kutafuta darubini, ndege amepotea.

Beba daftari na penseli. Simu yangu iliwahi kutumbukia kwenye mfereji wa mpunga Ahero ikiwa na hesabu za wiki sita, na hakuna fundi aliyeweza kuzirudisha. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, ni msaada mzuri, nayo hufanya kazi bila intaneti ukishapakua fungu la ndege linalohusu Kenya, ila iulize baada ya kutazama mwenyewe. Nguo ni suala la mwinuko: Mau Narok iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, utahitaji koti zito na glavu, Kisumu iko karibu mita 1,130, utahitaji kofia na maji.

Jambo moja kuhusu majina. Wageni hawa wengi hawana jina la Kiswahili la aina kwa aina. Tunasema kitwitwi, bata, mwewe, tunaishia hapo. Kwa hiyo natumia jina la kisayansi, ambalo utalikuta katika kila kitabu na kila programu.

Mashamba ya ngano: Njoro, Mau Narok, Molo

Panda matatu ya Mau Narok kutoka Nakuru kabla hakujapambazuka. Shamba la kutafuta ni lililovunwa karibuni au linalolimwa siku hiyo. Ukisikia trekta, fuata trekta. Jembe linapogeuza udongo, korongo weupe, Ciconia ciconia, hutembea nyuma yake kama vibarua, pamoja na yangeyange.

Usiingie. Simama barabarani, tafuta mwenyewe au mlinzi, umsalimie. Mzee mmoja aliniuliza, "Kijana, umepotea?" Nikamjibu, "Hapana mzee, natafuta ndege wanaokuja ngano ikivunwa." Alifikiri kidogo, akasema, "Wale wa kutikisa mkia wako kwa ng'ombe, kule kwenye bwawa. Wa miguu mirefu wakiondoka, mimi huanza kutayarisha mbegu." Dakika mbili za salamu zilinipa kituo cha asubuhi nzima, na tangu siku hiyo lango lake li wazi kwangu.

Sakitu ikiwa bado haijayeyuka, kagua kila kilichoinuka: bonge, jiwe, nguzo ya ua. Jua likishapata nguvu, mnamo saa tatu, inua macho. Mwewe wa jamii ya Circus huanza kupita chini chini juu ya mabua, mabawa yameinuka kama herufi V, wakiyumba kidogo kama tiara. Dume la Circus macrourus ni kijivu cheupe kabisa, na ncha za mabawa zina kabari nyembamba nyeusi. Ukimwona, tulia, usimkimbilie. Mara nyingi hufuata mstari wa ua mpaka mwisho kisha hurudi njia ile ile, na ukiwa umechuchumaa kando atakupita karibu. Saa nne hivi tai hupanda na hewa ya joto. Aquila nipalensis, tai wa nyika wa Urusi na Kazakhstan, yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Kila mmoja unayemwona mwandike.

Na ukiwa huko, usimdharau mwenyeji. Nyanda za Mau Narok na Molo ni makao ya Macronyx sharpei, ndege wa kifua cha manjano asiyepatikana nchi nyingine yoyote ila Kenya, na nyasi zake zinazidi kulimwa.

Ziwa Nakuru na Elementaita

Hifadhi ya Ziwa Nakuru ilikuwa ya kwanza Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 1990. Mtu aliyeizuru zamani ajiandae: tangu miaka ya 2010 maji yamepanda sana, yakameza fukwe, barabara na lango kuu la zamani. Chumvi ilipopungua, mwani ambao heroe huula ukapungua pia, wengi wao wakahamia Bogoria na kwingineko.

Kwa anayetafuta wageni wa kaskazini hasara hiyo ina upande wa pili. Migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini imekuwa vituo vya wavuvi. Ukiona kwenye tawi kavu ndege mwindaji mweupe kwa chini, mwenye mstari mweusi uliopita jichoni kama kitambaa, huyo si furukombe. Ni Pandion haliaetus, mvuvi ambaye kwao kukiganda hawezi kupiga mbizi.

Asubuhi kaa upande wa mashariki wa ziwa ili jua liwe mgongoni, jioni geuza. Gari lako ndilo maficho yako: zima injini, shusha kioo, weka mfuko wa mchele au maharagwe dirishani uegemeze darubini. Hairuhusiwi kushuka ila mahali palipotengwa, na nyati wa hapo hawana mzaha.

Vitwitwi wadogo nawapenda zaidi Elementaita. Ziwa hilo lina kina kifupi na kingo za tope pana, nao humwagika humo kama punje. Fika mapema, kwa sababu baada ya saa nne joto huifanya hewa ya juu ya magadi icheze, na kila mguu mwembamba unageuka moshi.

Mpunga wa Ahero na kingo za Kisumu

Skimu ya Ahero, iliyoanza mwaka 1969, iko kilomita ishirini na kitu kutoka Kisumu. Hapa siri ni hatua ya shamba. Mpunga ukiwa mrefu hutaona kitu. Tafuta shamba lililofurishwa maji na kuvurugwa tayari kwa kupandikiza miche, au lililovunwa likabaki na tope. Tembea juu ya matuta, polepole, ukisimama kila hatua kumi. Wakulima wa mpunga wanasumbuliwa na makundi ya ndege walao nafaka, kwa hiyo jieleze mapema: "Habari ya kazi, mama. Nahesabu ndege wa majini, siwafukuzi kuja kwako." Vaa mabuti ya mpira, usitumbukize miguu mitupu kwenye mfereji, kichocho kipo.

Siku moja nilikaa nusu saa nikimtazama Tringa glareola mmoja, kitwitwi wa madoa meupe mgongoni, mita sita tu kutoka nilipokaa. Aliingiza mguu mmoja majini, akautetemesha, akasubiri. Kitu kilipocheza chini ya tope alipiga mdomo mara moja. Hakuwahi kukosea mara mbili mfululizo. Wa aina yake huzalia kwenye vinamasi vya misitu ya kaskazini, na pale alikuwa akitembea katikati ya miche ya mpunga, redio ya mtu ikilia kwenye kibanda.

Kisumu mjini, mabwawa ya majitaka ya Nyalenda yana chakula kingi. Omba ruhusa langoni kabla ya kuingia. Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria, nenda kwa mashua saa kumi na mbili asubuhi, na usipande bila jaketi la kujiokoa, hata kama nahodha anacheka. Mafunjo ya Dunga yana ndege wake wasioishi pengine ila kwenye mafunjo, lakini ombi langu ni ubaki pia jioni: mbayuwayu waliotawanyika mchana kutwa hukusanyika juu ya mafunjo na matete, wanazunguka, kisha wanadondoka ndani kama majani, na ndani ya dakika kumi anga ni tupu.

Kumtambua mmoja katikati ya wengi

Usianze na rangi. Anza na ukubwa ukimlinganisha na ndege unayemjua aliye karibu naye, kisha umbo la mdomo, kisha namna anavyokula, na mwisho kabisa rangi ya miguu. Mdomo mwembamba kama sindano na miguu mirefu mno: fikiria Tringa stagnatilis. Mdogo kupita wote, anadona haraka kama cherehani: Calidris minuta.

Anayewachanganya watu zaidi ni Calidris pugnax. Utaona kundi lenye wakubwa na wadogo, wenye miguu ya chungwa na wenye miguu ya kijani, ukadhani ni aina tatu. Ni moja. Dume ni mkubwa kuliko jike waziwazi, na miguu hubadilika rangi kwa umri. Huku kwetu majike ndio wengi. Tazama kichwa kidogo, shingo ndefu kiasi, tumbo lililojaa, na manyoya ya mgongo yenye kingo nyeupe kama magamba. Upepo ukivuma manyoya hayo huinuka.

Kisha kuna Motacilla flava, yule wa manjano anayetikisa mkia kwenye kwato za ng'ombe. Kuanzia Februari madume huvaa rangi, na kichwa kinaanza kueleza kwao. Kichwa cha kijivu-buluu kinatoka Ulaya, cheusi kinatoka upande wa Balkani na Uturuki, cha manjano kinatoka nyika za Urusi na Kazakhstan. Nimewahi kuwaona wote watatu nyuma ya ng'ombe mmoja, nje ya Njoro. Ng'ombe alikuwa akicheua tu.

Kuhesabu na kuandika

Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi kwa makini, uone kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha rudia nafasi hiyo kote. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji, na idadi. Usiandike "wengi". Pia andika ulipokwenda usikute kitu, maana sifuri ni taarifa. Ingiza orodha zako kwenye eBird au Kenya Bird Map, hifadhi za mtandaoni za kumbukumbu za ndege, zikasomwe na wengine. Kila Januari kuna hesabu ya ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, na wanaojitolea huhitajika. Waulize Nature Kenya, shirika la uhifadhi, mapema, Novemba hivi.

Sumu

Hili naliandika kwa uchungu. Kwenye maeneo ya mpunga magharibi mwa Kenya, na hasa Bunyala, imeripotiwa kwa miaka mingi kwamba watu huua ndege kwa dawa za wadudu ili wauze nyama. Mwenyewe nimewahi kukuta vitwitwi wawili juu ya tuta, mabawa yametandazwa, midomo ina povu. Ukikuta hivyo usiwaguse kwa mikono mitupu na usiwaache mbwa au watoto wakaribie. Piga picha, andika mahali hasa, wajulishe KWS (shirika la serikali la wanyamapori) na chifu wa eneo. Mwambie yeyote anayefikiria kula ndege hao kwamba sumu haiondoki kwa kuchemshwa. Na usiweke mtandaoni mahali kamili wanapolala ndege kwa makundi.

Aprili

Tarehe ya kufika kila mtu huiona, kwa sababu ndege mpya anajitangaza. Ya kuondoka ni ngumu, kwani hakuna anayejua leo ni ya mwisho. Njia ni moja: chagua mfereji au bwawa moja karibu na nyumbani, na kuanzia mwisho wa Machi upite hapo kila siku mbili, hata kwa dakika kumi ukitoka kazini, ukiandika idadi. Itashuka arobaini, kumi na saba, tisa, tatu. Wachache wachanga wanaweza kubaki mwaka mzima, kwa hiyo usishangae wala usiwafute. Endelea kupita angalau wiki mbili baada ya sifuri ya kwanza.